Kabla hujaomba zabuni ya intaneti ya serikali, hesabu ruta zako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sumbawanga aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeona kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, zabuni ya kuunganisha shule na vituo vya afya. Leseni ninayo, mafundi ninao, ngazi ninazo. Niandae nini?" Nikamjibu: andika orodha ya ruta zako zote, na jina la mwenye nywila ya kila moja. Akanirudishia kikatuni cha kucheka. Sikukasirika. Mwaka 2018 hata mimi ningecheka.

Mwaka huo nilikuwa mkandarasi mdogo kwenye mradi wa fedha za umma huku Nyanda za Juu Kusini. Vituo 17, shule na zahanati, vingine gari halifiki wakati wa mvua. Tulifunga ruta ya MikroTik kila kituo, na kila kituo nywila ilikuwa ileile: jina la kampuni yangu na mwaka. Winbox, programu ya kuingia kwenye ruta ukiwa mbali, niliiacha wazi, mlango (poti) 8291, dunia nzima iione, ili nikiwa nyumbani Makambako niweze kurekebisha hitilafu bila kuchoma mafuta. Nilijiona mjanja kweli.

Aprili ya mwaka huohuo MikroTik walitoa toleo 6.42.1 la programu ya ruta zao kuziba tundu la Winbox, tundu lililomwezesha mtu asome faili la watumiaji na nywila zao bila kuingia. Mimi sikusoma tangazo lolote. Nilikuwa juu ya nguzo.

Miezi michache baadaye mwalimu mkuu mmoja akanipigia: "Fundi, kompyuta zinaunguruma kama mashine ya kusaga, na hazifungui kitu." Nikamwambia azime, awashe. (Ndiyo, nilisema hivyo.) Siku ya tatu ndipo nikakaa na kuangalia. Ruta ilikuwa imetekwa. Kila ukurasa usio na ulinzi uliopita pale ulichomekewa kipande cha programu, na kompyuta za wanafunzi zikawa zinamchimbia sarafu za kidijitali mtu nisiyemjua. Nikafungua kituo cha pili, yaleyale. Cha tatu, yaleyale. Ufunguo ulikuwa mmoja, sasa ungetarajia nini?

Hadi leo kinachoniuma ni kikao cha baada ya hapo. Mkandarasi mkuu, aliyeniambia kwa kinywa chake "usitucheleweshe na mambo ya usalama, mteja anataka kuona taa zinawaka", aliandika barua kwamba uzembe ni wangu. Malipo ya mwisho yakazuiwa. Mimi sikuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Noah yangu ikauzwa, vibarua wakalipwa. Nimemsamehe, lakini namba yake ninayo bado na sijawahi kuipiga.

Basi mdogo wangu, sikiliza. Usalama unaanza kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa yenye bei. Weka mstari wake wenye bei: kusasisha vifaa kwa muda wote wa matengenezo, nakala rudufu za mipangilio, siku za fundi atakayerudi kituoni. Usipoweka bei, kazi hiyo utaifanya bure au hutaifanya, na wote tunajua utachagua lipi. Kila ruta iwe na nywila yake. Winbox ifunguke kupitia VPN tu, yaani njia ya mtandao iliyofungwa kwa wengine. Huduma usiyoitumia, izime. Ukiambiwa uache kitu kwa sababu ya haraka, andika barua pepe jioni ileile: "kama tulivyokubaliana leo". Andika! Maneno ya mdomoni hayaambatanishwi kwenye hati ya malipo.

Halafu kuna sheria, ambayo 2018 haikuwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kama Wi-Fi yako ya zahanati inamtaka mtu aandike jina na namba ya simu, tayari unakusanya taarifa binafsi, na unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wengi wanadhani hilo linawahusu wenye mabenki. Na uandike mapema nani atatoa taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya matukio ya usalama wa mtandao iliyo pale TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), mambo yakiharibika, maana usiku wa tukio kila mtu anakuwa na simu iliyoisha chaji.

Mwaka jana nilipata tena kipande cha kazi ya serikali, kidogo lakini changu. Mkaguzi aliuliza vifaa vina toleo gani. Nikamfungulia daftari: kituo, namba ya kifaa, toleo, tarehe ya kusasishwa, jina la fundi. Akageuza kurasa tatu, akanyamaza, akaendelea na swali jingine. Kunyamaza kule nilikusubiri miaka mingi. Ninyi vijana mnapenda kupiga picha juu ya mnara. Pigeni, ni haki yenu, lakini shukeni muandike daftari.

Jana usiku yule wa Sumbawanga amenitumia orodha. Ruta 41. Tisa kati yake, upande wa nywila ameandika jina la fundi aliyeacha kazi mwezi Machi. Safari hii hakuweka kikatuni.