Usifunge mfuniko wa rejeta kabla hita haijatoa moto

Mkuu, simama hapo hapo. Umebadilisha rejeta (ile inayopoza maji ya injini) mwenyewe, umejaza mpaka shingoni, unauliza kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, uweke nyekundu au kijani, na kesho alfajiri unatoka Dodoma na familia kwenda Singida. Usiondoke. Ziliingia lita ngapi?

Gari yangu inachukua lita 5. Fundi aliyenibadilishia mpira wa chini wa rejeta alimimina lita 3 na kidogo, maji yakaonekana mdomoni, akafunga. "Imejaa bosi, tembea." Dumu lenye masalio akaniwekea kwenye buti, nikamshukuru. Kumbe karibu lita 2 zile zilizobaki kwenye dumu, nafasi yake kwenye injini ilijaa upepo.

Mjini haikuonyesha kitu. Bahi nikapita, Kintinku nikapita. Kwenye kupanda kuelekea Manyoni gari ikawa nzito, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikapaki, nikazima. Baada ya dakika kama 20 nikawasha, taa haipo, nikaondoka. Hapo ndipo nilipoiua injini. Sensa ile hupima maji. Ikibaki kwenye upepo inaweza kukudanganya. Taa imezimika, huku silinda hedi, kile kichwa cha injini, inaungua! Kilomita chache mbele gari ikazima yenyewe. Kufungua kifuniko cha oili, kwa ndani kumeganda ute mzito, rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Hedi imepinda, gasketi imekwenda, laki 9 na nusu zimetoka, na wanangu wameshinda kwenye mkeka wa kuazima kando ya barabara mpaka saa 10 jioni.

Nampigia fundi, ananiambia injini ilikuwa mbovu tangu zamani. Inaniuma mpaka leo. Siku ile nilimuuliza kama hita iwashwe wakati wa kujaza, akacheka: "Dodoma hii, hita ya nini?" Hita ndiyo shahidi wako, ndugu yangu! Joto lake linatoka kwenye maji hayo hayo ya injini. Injini ikiwa ya moto na hita inapuliza baridi, shuku upepo kwanza.

Sasa fanya hivi, injini ikiwa imepoa kabisa. Paki pua ikitazama mlima. Mfuniko wazi, hita kwenye joto la mwisho, feni ya ndani namba moja. Mimina taratibu huku unaminyaminya mpira wa juu wa rejeta, utasikia inabwabwaja. Washa, iache iungurume yenyewe. Themostati, ile vali inayoruhusu maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, ikifunguka, kwenye digrii 80 na kitu, maji yatashuka ghafla, ongeza. Endelea mpaka mapovu yakatike, feni ya rejeta iwe imewaka na kuzima mara mbili, na hita ikuchome mkono. Ndipo ufunge. Asubuhi, ikiwa ya baridi, fungua tena uangalie. Ikiwa ya moto usifungue ule mfuniko, utaungua uso.

Dumu lako liko wapi? Lipime sasa hivi, uniandikie hapa zimebaki lita ngapi.