Kaka yako ni injinia, wewe unajiona si kitu: jibu la mtu wa gereji

Omera, umeuliza hivi: kaka yako mkubwa ni injinia, wewe uliyezaliwa wa pili unauza simu mjini, na kila mkikutana kwa wazee unarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu. Unataka kujua kama hiyo ni tabia uliyozaliwa nayo au inaweza kubadilika. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia ujiamini. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyenidhania najidharau. Watu walisema nina maringo.

Nilifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2006 darasa moja na dada yangu mdogo, maana nilikuwa nimerudia mara mbili. Yeye alipata 371 kati ya 500, mimi 213. Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na mtu fulani alikuwa amepigia majina yetu mstari kwa kalamu nyekundu, moja huko juu, lingine huko chini. Mpaka leo sijawahi kumwandikia mtu hizo namba.

Sasa mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kondele. Miaka ya kwanza nilikuwa fundi asiyejua kusema "sijui". Siku moja mwalimu mmoja akaleta piki inayozimikazimika. Nikamwambia injini imekufa, nikaanza kuifungua, bolti zote nimezipanga kwenye karatasi ya nailoni. Kijana niliyekuwa nikimfunza akanong'ona, "Boss, umeangalia plagi?" Nilimtukana mbele ya mteja. Jioni, wote wameenda, nikaitoa plagi kimyakimya: nyeusi tititi, masizi matupu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Yule mwalimu nilimtoza pesa ya injini.

Binamu yangu alikuwa akisomea ushauri nasaha Chuo Kikuu cha Maseno, na ndiye aliyenitajia Alfred Adler, daktari wa mambo ya nafsi wa Vienna, Austria, aliyezaliwa 1870. Utotoni Adler aliugua matege, nimonia ikakaribia kumuua, na mbele yake kulikuwa na kaka mzima wa afya anayemshinda kila kitu. Kaka huyo aliitwa Sigmund. Baadaye Adler akajiunga na kundi la mwingine anayeitwa Sigmund, yaani Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya nafsi, wakakosana na kuachana 1911. (Nilicheka sana niliposikia hiyo.)

Freud aliweka uzito kwenye tamaa zilizofichika ndani ya mtu. Adler aliuliza swali tofauti: huyu mtu anakimbilia wapi? Alisema kila mtoto huanza akiwa mdogo na dhaifu kati ya watu wakubwa, kwa hiyo kujiona duni si ugonjwa. Ndiyo petroli yenyewe. Mtu hufidia: asiyeona vizuri anajifunza kusikiliza, mwenye kigugumizi anakazana mpaka anahutubia. Shida inaanza mtu anapoacha kutafuta uwezo na kutafuta tu kuonekana yuko juu. Hapo unapata mtu wa maringo, na ndani ya maringo yule wa 213 bado amesimama mlangoni pa ofisi. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza kama dakika nzima, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kuhusu kuzaliwa wa pili, Adler aliandika kwamba mtoto wa pili huishi kama aliye kwenye mbio, daima kuna mtu mbele yake. Mimi nilikuwa kifungua mimba aliyepitwa, mfalme aliyeng'olewa kitini. Lakini usiichukue kama hukumu. Hata yeye alisema jambo kubwa ni vile mtoto mwenyewe alivyoielewa nafasi yake. Nawajua wazaliwa wa pili wengine hapa Kisumu ambao hawakimbii popote.

Kilichonilegeza mimi hakikuwa kufaulu. Gereji ilikua na bado nilikuwa vilevile, mkali kama pilipili. Nililegea nilipoingia chama cha mafundi tukaanza kuazimana spana na kuulizana piki zinazotusumbua. Adler angesema ni ule moyo wa kujiona mmoja wa wenzako, ambao aliuona kuwa kipimo cha afya ya nafsi. Mimi nasema tu kwamba ukishamuuliza mtu swali mara ya ishirini, unazoea.

Jaribu na hili. Adler alipenda kuwauliza watu kumbukumbu yao ya kwanza kabisa. Hakujali sana kama ni sahihi, alitaka kujua kwa nini umeshika hiyo na si nyingine. Yangu ni ya mvua: mtaro umejaa, baba anambeba dada, mimi ananiambia, "Wewe ni mwanaume, ruka." Nikaruka, nikatumbukia.

Mwaka jana nilimsimulia dada. Naye anaikumbuka siku hiyo. Anasema baba alimtua, akaingia mtaroni na viatu vyake vya kanisani, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Mimi hicho kipande sina kabisa.