Ubao wa Mawimbi Stoo na Safarini: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nina ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, wa futi sita, nilioununua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Nisipoutumia huwa nauweka stoo, juu ya boriti, chini ya mabati. Juzi nimeushusha nikakuta pale ninaposimama pamevimba, na nikipabonyeza kwa dole gumba panashuka na kurudi kama godoro. Mwezi ujao ninasafiri nao kwa ndege kwenda Durban. Je, nimekosea wapi, na nifanye nini ili ufike salama?
Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Ubao wako umeunguzwa na joto. Wengi wetu huogopa ubao usigongwe, tukasahau kwamba chini ya mabati, wakati wa kaskazi, ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuuhifadhi. Ubao wa kisasa una kiini cha povu gumu kilichovikwa kitambaa cha faiba na kushikwa kwa rezini, yaani gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu. Joto likizidi, hewa iliyomo ndani ya povu hutanuka, rezini hulegea, na ganda la faiba huachana na kiini. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipo pazima hutoa mlio mkavu, na palipoachana hulia kama debe tupu.

Uvimbe huo hautaondoka kwa kuuhamishia ubao kivulini. Fundi hutoboa ganda, akapenyeza rezini na kupakandamiza mpaka pakauke. Hapa nakusihi uwe mwangalifu mno, kwa sababu mafundi wetu wa boti za faiba ni hodari, lakini rezini waliyoizoea ni ya poliesta. Rezini hiyo inafaa kwa ubao wenye kiini cha povu la poliyurethani. Kama kiini chako ni polistairini, yaani lile povu jeupe la punjepunje linalotengenezewa maboksi ya samaki, poliesta italiyeyusha mbele ya macho yako, na ubao huo hutengenezwa kwa rezini ya aina nyingine, epoksi, tu. Mwambie fundi ajaribu kwanza kwenye chembe ya povu kutoka palipotobolewa, kabla hajamimina chochote.

Baada ya hapo, utafutie ubao chumba chenye hewa, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Ulaze kwa ubavu juu ya vigingi viwili vilivyozungushiwa kanga kuukuu, usiusimamishe kwa mkia juu ya saruji. Kila utokapo baharini usuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uukaushe kivulini, ndipo uutie katika mfuko wake, na zipu uiache wazi kidogo ili unyevu upate pa kutokea. Utunzaji huu ni wa kale. Mmisionari Mwingereza William Ellis, aliyezunguka kisiwa cha Hawaii mwaka 1823, aliandika kwamba wenyeji walizikausha mbao zao, wakazipaka mafuta ya nazi, mara nyingi wakazifunga kwa nguo na kuzitundika ndani ya nyumba. Faiba ya leo haihitaji mafuta, lakini kuukausha, kuufunika na kuuweka ndani ya nyumba bado ni lazima.

Sasa safari. Wiki moja kabla, kwangua nta yote, ile inayopakwa juu ya ubao ili miguu isiteleze. Nta huyeyuka ndege inapongoja juani na kuchafua mfuko mzima, na zaidi ya hayo huficha nyufa. Ukiona ufa, weka midomo uvute kidogo. Ukionja chumvi, maji yamo ndani, nao hauna budi kukaushwa kabisa kabla ya kuzibwa. Kisha fungua mapezi yote yaliyo chini ya mkia, uyafunge pamoja na ufunguo wake katika soksi. Mimi niliwahi kuyaacha mahali pake kwa uvivu wa dakika tano. Mfuko uliangushwa na wapakizi, pezi likasukumwa ndani, likang'oa kipande cha mkia kikubwa kama kiganja, na safari yangu ikaishia kwa fundi. Kinachoumia zaidi ni ncha, mkia na kingo, kwa hiyo vipande vya godoro viweke huko kwa wingi, na katikati taulo na nguo zinatosha. Kama ubao una skrubu ndogo ya kupumulia, ilegeze kabla ya kuukabidhi, na uikaze tena kabla ya kuingia majini.

Lipigie simu shirika la ndege kabla ya kukata tiketi, uulize urefu wanaoupokea, kwani ndege ndogo haziwezi kubeba kila ubao. Piga picha za ubao ukiwa wazi, pande zote mbili. Ukifika, fungua mfuko kabla hujatoka uwanjani. Ukikuta umevunjika, ripoti papo hapo, kisha peleka malalamiko kwa maandishi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika katika safari nyingi za kimataifa, unakupa siku 7 tangu ulipopokea mzigo, na zikipita unapoteza haki yako.

SWALI: Je, nikiufunga ubao juu ya keria ya gari, utazame upande gani?
Msomaji, Diani, Kenya

JIBU: Upande wa juu wa ubao uangalie chini, mkia utangulie mbele, na mapezi, kama hukuyatoa, yatazame angani. Vifunge vyuma vya keria kwa taulo nene. Tumia mikanda ya kitambaa, si ya mpira, na ukaze mpaka ubao usitikisike, basi. Wanaoukaza kwa nguvu zote ndio wanaopasua kingo. Baada ya kilomita chache simama ukague, kwa kuwa mkanda hulegea gari likishaanza kutetema.