Suti Nyeusi Ikigeuka Damu ya Mzee: Jibu kwa Msomaji wa Nakuru

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia juzi. Amenunua filta ya ND ya stopu 10, kile kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mwanga ili shata (mlango wa mwanga wa kamera) ikae wazi kwa muda mrefu, akaenda nayo maporomoko ya Makalia, kusini mwa mbuga ya Ziwa Nakuru, akarudi na yale maji laini ambayo sote tunayahangaikia. Lakini mawe meusi yametoka na wekundu, na miti imepauka ikawa ya manjano. "Nikirekebisha mawe, maji yanageuka kijani," anasema. Anauliza kama kamera imeharibika.

Haijaharibika, ndugu yangu. Ila swali lako limegusa mahali ambapo bado pananiuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za harusi Hippo Point, hapa Kisumu. Saa kumi jioni, jua kali, ziwa nyuma yao lina viwimbi vidogovidogo na gugumaji limetapakaa hadi ufuoni. Nilitaka ziwa litulie kabisa, maharusi wawe mbele yake wamesimama wima. Bila filta kamera ilinipa muda wa shata wa sekunde 1/250. Kwa filta ya stopu 10 hiyo inakuwa sekunde 4. Nikawaambia wazuie pumzi. Wakazuia, Mungu awabariki, tena na tena, huku wasimamizi wakiwacheka. Kwenye kioo cha kamera nilijua nimepata kazi ya maisha yangu.

Siku ya kukabidhi, mama wa bwana harusi alivaa miwani, akatazama, akaivua. "Wewe kijana, mwanangu alivaa suti nyeusi. Hii ya damu ya mzee umeitoa wapi?" Suti za wasimamizi, za kitambaa kingine, zilikuwa nyeusi vizuri kabisa. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe. Suti ya bwana harusi peke yake ndiyo iliyokuwa nyekundu ya kuiva, na gugumaji nyuma yake la kahawia. Mzee mmoja wa kamera hapa mjini, ambaye nilimheshimu, alikuwa palepale. Akasema mbele ya ukoo mzima kwamba vijana tunanunua vitu vya njia ya panya halafu tunajiita wasanii. Salio la kazi ile sijalipwa hadi leo, na mzee yule hajawahi kunipigia simu, hata sasa ambapo wanafunzi wake huniletea mafaili yao niwasafishie.

Kilichotokea ni hiki. Filta ya stopu 10 hupunguza mwanga mara 1024, ndiyo maana huandikwa ND1000. Lakini filta nyingi hupunguza mwanga tunaouona tu. Infraredi, ambayo jicho haliioni, hupita kwa wingi. Mbele ya sensa, kile kinachonasa mwanga ndani ya kamera, kuna kioo cha kuizuia, nacho hakizuii yote. Siku za kawaida huwezi kugundua, kwa kuwa mwanga wenyewe ni mwingi na hicho kinachopenya ni kidogo mno. Sasa ukate mwanga ule mara elfu, kisha uache shata wazi mara elfu zaidi kuufidia: infraredi haikukatwa, lakini muda wa kuingia imeongezewa. Nayo sensa huisoma zaidi kama wekundu. Vitambaa vingi vyeusi vya poliesta ni vyeusi kwa macho yetu pekee. Lakini vitambaa hivyo huirudisha infraredi vizuri sana. Majani mabichi nayo huirudisha, ndiyo sababu gugumaji langu lilikauka pichani na miti yako ya Makalia ikapauka.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kwenye kompyuta, uliza: rangi imeharibika kote, au imechagua vitu?

Ikiwa picha nzima imeingia samawati au ukahawia, kuanzia mawingu hadi mchanga, hiyo ni rangi ya kioo cha filta chenyewe, na dawa yake ni rahisi. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Weka kadi ya kijivu mbele ya lenzi filta ikiwa imefungwa, upime mizani ya weupe (kuiambia kamera rangi ipi ihesabiwe nyeupe) hapo hapo, na upime tena mwanga ukibadilika. Kwetu karibu na ikweta jua likizama giza halichelewi, kwa hiyo vipimo vya saa kumi na mbili havifai nusu saa baadaye. Piga na picha moja bila filta, ikukumbushe rangi zilivyokuwa. Usirundike filta mbili, kila moja inaongeza rangi yake. Zile filta za ND za kuzungusha ili kuongeza au kupunguza giza ni polaraiza mbili (filta za kukata mng'ao) zilizobebana. Kwa lenzi pana ukizifikisha mwisho zinachora msalaba mweusi angani, na huo hauondoki kwa mizani yoyote.

Ikiwa imechagua vitu, acha kuhangaika na mizani ya weupe. Mizani husogeza picha nzima, nawe unataka kusogeza suti. Mimi niliizungushia suti ile barakoa kwenye kompyuta, yaani mpaka wa kurekebisha sehemu hiyo tu, picha moja baada ya nyingine, nikapunguza ukolezi wa rangi ndani yake, usiku kucha, kwa kazi ambayo hakuna aliyeniomba tena. Dawa ya kweli ni filta ya ND inayozuia infraredi pia. Ninayo sasa. Picha yangu ya ufuo wa Dunga iliyopo mapokezi ya hoteli moja Milimani niliipiga kwayo, na gugumaji ni la kijani.

Vijana, acheni kununua kwa kutazama bei na kifurushi! Mnapimia filta dukani, chini ya taa za LED, ambazo karibu hazitoi infraredi. Hapo kila filta ni safi. Omba utoke nje juani, ukiwa na begi jeusi la poliesta na suruali nyeusi, piga kwa filta na bila filta, ulinganishe mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka. Wateja wetu hawajui infraredi ni nini na hawana haja ya kujua, wanajua suti ilikuwa nyeusi.

Wewe wa Nakuru, filta yako usiitupe. Picha zako za Makalia zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, wekundu wa mawe utaisha na maji yatabaki vile vile. Ukienda tena kutafuta rangi, iache nyumbani.