Hamira tupu kwa moina: acha leo hii

Mkuu, hiyo hamira iweke chini kwanza. Umeuliza tangi liwe la lita ngapi, taa iwake usiku au la, halafu mwishoni ukagusia kwamba moina wako, wale vijidudu wa majini tunaowafuga kulisha vifaranga vya samaki, unawalisha hamira peke yake na "wanaongezeka vizuri". Hapo mwishoni ndipo penye msiba.

Wanaongezeka kwa sababu mama zao walilelewa kwenye maji ya kijani (maji yaliyojaa mwani), wakaja kwako na akiba ya mafuta mwilini, na akiba ile hupita kwenye mayai. Kizazi cha kwanza kinakudanganya. Kwangu kilichofuata kilikua taratibu, kikakomaa kikiwa kidogo. Ukimweka jike kwenye tone la maji chini ya lenzi, kile kifuko cha mgongoni kilichokuwa kimejaa mayai unakuta kina yai moja, mawili, wengine hawana kitu. Nikampigia aliyeniuzia mbegu ya moina. Akanijibu, "Ongeza hamira." Nikaongeza. Maji yakawa meupe kama tui, yakaanza kunuka. Moina wakageuka wekundu, maana oksijeni ikipungua wanajitengenezea himoglobini nyingi zaidi, kisha wakalala chini wote. Na vifaranga wangu wa kambale walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kiini cha yai, wanatafuta cha kula. Kifaranga cha kambale chenye njaa hakisubiri, kinamgeukia ndugu yake. Asubuhi nilikuta wachache walionenepa na mikia ya wenzao ikiwatoka mdomoni. Oda ya mteja ikaishia hapo, na mteja mwenyewe hajarudi.

Yule muuzaji hadi leo anauza na hadi leo anahubiri hamira. Kila anayefeli anarudi kwake kununua mbegu upya, kwa hiyo kwa nini abadilishe mahubiri? Inaniuma sana, kwa sababu naona maneno yake yaleyale kwenye swali lako.

Sababu yenyewe si uchawi. Hamira ya mikate haina mafuta ya omega-3, na moina anayahitaji ili akue na atunge mayai. Mwani wa kijani wa chembechembe, kama klorela, unayo. Hamira ni ya kuongezea tu, kidogo sana, siku ambayo maji ya kijani yamepungua.

Kwa hiyo shika hili moja: otesha chakula kabla ya kuotesha moina. Ndoo au madumu yaliyokatwa, maji yaliyokaa hadi klorini ikaisha, samadi ya kuku kidogo ndani ya kitambaa, juani. Yakishakuwa kijani kabisa, chuja, mimina kwenye tangi hadi maji yawe na ukijani hafifu. Yakirudi kuwa maangavu ya kuonekana hadi chini, wameshakula, ongeza tena. Usiwe na ndoo moja, kuwa nazo kadhaa za umri tofauti, ili moja ikiharibika usikimbilie duka la hamira.

Tena angalia ukijani wenyewe. Kama uko Mwanza au Kisumu usichote ule utando wa kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika kwenye ghuba za Ziwa Victoria. Ule ni bakteria wa kijani-bluu, baadhi ya aina zake zina sumu, na hawana steroli (aina ya mafuta) ambazo moina hawezi kujitengenezea na bila hizo hajivui gamba wala hakui.

Ukiona majike yamebeba kibumba cheusi mgongoni, jua njaa au msongamano umeshaingia: madume yametokea na yale ni mayai ya kulala, hayaanguliwi sasa hivi. Vuna nusu, badilisha sehemu ya maji, lisha kijani.

Leo jioni chota kijiko kimoja, piga picha majike kwa simu kupitia lenzi, uweke hapa tuhesabu mayai. Vifaranga wako wanaanguliwa lini? Kama ni wiki hii, niandikie inbox, usiangue mayai ya kambale kabla maji hayajawa kijani.