Zege halilali: kwa kijana anayetaka kusimamia ujenzi

Saa kumi jioni, fundi alipopasua mfuko wa mwisho wa saruji, kona nzima ya mashariki ya slabu, yaani bamba la zege, ilikuwa bado nondo tupu. Mikisa, mashine ya kuchanganya zege, ikanyamaza. Watu zaidi ya thelathini, makarai mikononi, wakanigeukia. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nimalize chuo, na hesabu ya saruji ilikuwa yangu.

Mafundi wana msemo ambao sasa hata wasiowahi kushika mwiko wanautumia: zege halilali. Saruji ikishakutana na maji haimngoji mtu. Kwa jua la Dodoma, baada ya saa moja au mbili zege linaanza kuganda, na ukimwaga jipya juu ya lililoganda hayashikani sawasawa. Pale ndipo maji yatakapopita na ufa utakapoanzia.

Slabu ile ilikuwa mita 18 kwa 12, unene sentimita 15, yaani mita za ujazo 32 na kidogo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, tunakadiria mifuko ya saruji sita na nusu kwa kila mita ya ujazo. Nikapata mifuko 211, nikaagiza 220, nikaamini nimeweka na ya akiba. Nilisahau bimu, mihimili ya zege inayoshuka chini ya slabu. Ukiziunganisha zilikuwa na urefu wa mita 102, na zenyewe tu zilihitaji mifuko zaidi ya 45.

Lakini hesabu siyo inayoniuma mpaka leo. Jana yake foremani, mzee aliyeanza ujenzi kabla sijazaliwa, aliniuliza taratibu: "Mwanangu, na bimu umezihesabu?" Nikamjibu, "Hesabu iko sawa, mzee." Sikufungua hata daftari nikaangalia. Yeye akanyamaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na cheti.

Saruji ya kukopa ilifika saa moja usiku. Asubuhi mhandisi mshauri alikagua pale zege jipya lilipokutana na lililoganda, akaamuru kipande kibomolewe mpaka kwenye bimu. Mafundi wakashinda siku mbili na nyundo na tindo wakivunja kazi ya mikono yao wenyewe. Nilisimama nao siku zote mbili. Hakuna somo la darasani lililonifundisha zaidi.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza wasome chuo gani, najibu haraka. Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), vyote vimetoa wasimamizi wazuri. Ukisomea uhandisi utapita ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ina mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kazini kwa wahitimu, usiuruke. Mkadiriaji majenzi na mbunifu wa majengo wanasajiliwa na bodi yao, AQRB. Ukija kufungua kampuni yako utakutana na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na makandarasi wengi wanaanzia madaraja ya chini, la saba au la sita, wakipanda. Njia hiyo inajulikana, na ukiuliza utaelekezwa.

Ninachotaka kukuambia kwa msisitizo ni hiki: likizo ya chuo nenda saiti, na usiende kama mgeni wa ofisini. Kuwa saidia fundi. Beba kokoto, funga nondo, shika timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima. Utajua kwa mgongo wako kwamba kundi la watu fulani linamaliza kiasi fulani kwa siku, na ratiba utakayokuja kuandika baadaye haitakuwa ndoto. Utajua pia kwa nini fundi wa nondo hukasirika ukimletea waya wa kufungia nondo nusu ya mahitaji halafu ukamuuliza mbona amechelewa.

Andika daftari la saiti kila jioni, hata umechoka vipi. Mvua ilinyesha saa ngapi, waliokuja wangapi, lori la mchanga liliingia na ujazo gani, nani alitoa agizo gani. Mwaka mmoja mteja alikataa kulipia kazi ya ziada akidai hakuiagiza. Nilikuwa na tarehe, saa na sahihi ya mwakilishi wake. Tulilipwa.

Na Jumamosi ya malipo iheshimu. Kibarua aliyeahidiwa saa nane alipwe saa nane. Nimewaona wasimamizi wenye akili nyingi wakipoteza saiti nzima kwa sababu ya malipo ya kusogezwa-sogezwa. Mafundi wazuri huondoka wa kwanza, maana wao hawakosi kazi.

Kabla ya kumwaga, tembea juu ya nondo zote. Angalia biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo, zipo, nondo haijalala kwenye mbao, mirunda, yaani nguzo zinazoshikilia mbao kwa chini, imekaza, vaibreta ya kutikisa zege inawaka na ya akiba ipo. Zege likishafunika, kilichokosewa humo ndani hutakiona tena, lakini wenye nyumba watalala juu yake miaka hamsini.

Mimi jioni ile ya kuamkia zege namtafuta foremani, tunakaa juu ya mbao, namuuliza: "Mzee, nimesahau nini?" Halafu nanyamaza mpaka ajibu. Wiki iliyopita alifikiri kidogo, akanyoosha kidole upande wa vyoo. Tundu la bomba la maji taka halikuwa limeachwa.