Sura ya Kenya iliniangusha mara ya kwanza, nikaifumua

Ndugu yangu, umesema kampeni yako ya Masks of Nyarlathotep, ile hadithi ndefu ya kutisha inayochezwa mezani kwa vikao vingi, ilikwenda vizuri New York, London na Cairo, halafu mlipofika Kenya meza ikapoa. Wachezaji wanashika simu, hakuna anayeogopa, na unauliza kama uiruke sura hiyo uende zako Shanghai. Usiiruke. Nimeichezesha mara mbili, kwanza hapa Mombasa, baadaye Nairobi na kundi jingine, ila kijana mmoja alikuwamo mara zote mbili. Mara ya kwanza ilinifia mikononi. Mara ya pili ndiyo sura ambayo watu wangu wanaizungumza mpaka leo.

(Kama wewe ni mchezaji na si msimulizi anayeendesha mchezo, ishia hapa, usijiharibie utamu.)

Kwa wasioijua: ni kampeni ya mchezo wa mezani wa Call of Cthulhu, ilitoka 1984, na toleo la 2018 likaongeza sura ya Peru mwanzoni. Mwandishi anauawa hotelini New York, Januari 1925, na wapelelezi wanafuata nyayo za msafara wa tajiri mmoja, Carlyle, uliosemekana kuchinjwa huku Kenya. Miongoni mwa karatasi unazogawa mezani kuna kipande cha gazeti kinachosema Wanandi watano walinyongwa Nairobi mwaka 1920 kwa mauaji hayo. Walionewa.

Sasa, kwa nini sura hii inalala? New York wachezaji wako wana kiberiti cha baa ya Shanghai, wana picha, wana barua, wanabishana mpaka sauti zinawakauka. Kenya ni kamba moja: bandari, treni, Nairobi, mzee wa hekima, mlima. Kila unayemuuliza anakunyooshea kidole mlimani. Hakuna cha kubishania.

Lakini kwetu sisi kuna kasoro kubwa zaidi. Hofu ya sura hii imejengwa juu ya ugeni: ngoma usiku, pori, watu ambao lugha yao haieleweki. Labda mtu wa Boston atasisimkwa. Mimi nilimwambia mchezaji wa Majengo kwamba mbele yao kuna kijiji cha kutisha kiitwacho Ndovu, meza nzima ikacheka mpaka chai ikamwagika. Akaja kuhani M'Weru, mmoja akauliza ile alama katikati ya jina inasomwaje. (Tuseme haki, Wameru wana majina ya M' kama hayo, ila kicheko kilishaanza.) Niliwarushisha dadu za akili, zile zinazopima kama mhusika anabaki na akili timamu, watu wakapoteza pointi nane nane huku wanatabasamu.

Usiku ule, tukikusanya vikombe, kijana mmoja Mnandi wa Kapsabet ambaye alikuwa kimya muda wote aliniuliza, "Hivi wale watano hawana majina?" Nikakichukua kile kipande cha gazeti, nikakisoma tena juu mpaka chini. Hayamo.

Nilipoanza kuifumua nilikosea kwanza upande wa pili. Niliandika kurasa sita za historia: kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei alivyouawa 1905 kwenye mazungumzo ya amani, mpinga ukoloni Harry Thuku, Mary Nyanjiru na umati uliopigwa risasi Nairobi Machi 1922 ukidai Thuku aachiwe. Yote kweli, yote mazito, na nilipoyasoma mezani niliona macho yanafumba. Watu hawakuja kusikiliza mhadhara. Nikatupa kurasa tano na nusu. Nikabakiza kitu kimoja, ile kesi.

Fikiria kesi yenyewe ingekwendaje. Mshtakiwa anasema Kinandi. Mkalimani anakigeuza Kiswahili. Karani anaandika Kiingereza. Mwisho wa mnyororo kuna kitanzi. Nikatengeneza daftari la yule mkalimani kwa Kiswahili, kwa mkono, nikaliloweka chai ili lizeeke. Kuna kurasa tano, kila mshtakiwa na wake, na juu ya kila ukurasa jina kamili, arap fulani, ambalo kijana wa Kapsabet ndiye aliyenipa. Ukurasa wa kwanza:

*Hakimu: Muulize kama alikuwapo. (Mshtakiwa anasema kwa muda mrefu. Analia. Anaonyesha kidole dirishani.) Mkalimani: Anasema ndiyo.*

Wa pili hivyo hivyo, maneno machache yamebadilika. Wa tano: *Mshtakiwa hasemi kitu. Mkalimani: Anasema ndiyo.*

Kisha kuna ukurasa wa sita, ingawa walionyongwa ni watano. Juu hakuna jina. *Kizimba kitupu. Mkalimani: Anasema ndiyo.*

Nililipitisha daftari bila kusema neno. Aliyekuwa akisoma kwa sauti alisimama pale kwenye wa sita, akarudi nyuma kuhesabu kurasa. Sikurushisha dadu yoyote, na nakushauri nawe usirushe hapo. Waache wahesabu.

Ukishafika hapo, sura inajijenga. Nyarlathotep katika hadithi hizi ni mjumbe wa miungu, mwenye sura elfu. Basi nikamfanya yule mkalimani kuwa sura yake ya huku. Hana pembe wala mkia. Ni bwana mwenye kanzu safi na koti, mpole, yuko kila ofisi ambayo mzungu na mwenyeji hawaelewani. Wachezaji wanaohitaji kibali, tiketi, mzigo kutoka forodhani, wote wanapita mikononi mwake. Mmoja akachomoa bastola, na mzee niliyemweka hapo akamshika mkono, "Mjumbe hauawi." Methali ile tumeisikia tangu utotoni. Sikuwahi kuona watu wanaisikia kama tishio.

Na sasa wana cha kubishania. Daftari liko kwa karani Mgoa aliyestaafu, na hatalitoa bure. Jamaa za walionyongwa wanajua alichoonyesha yule wa kwanza dirishani, lakini kwa nini wawaamini wageni walioletwa na mkalimani mwingine? Faili la serikali liko Nairobi nalo linasema wote walikiri. Waachie waamue waanzie wapi.

Treni usiipite haraka. Shambulio la kimazingaombwe la njiani nililitupa. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 530 hivi, usiku kucha, na mabehewa yamegawanywa: Wazungu daraja la kwanza, Wahindi la pili, Waafrika la tatu. Kundi langu lilikuwa na profesa Mwingereza, fundi Mpunjabi na kuli wa bandarini. Nikawatenganisha, kila mmoja na tetesi zake, wakakutana Voi treni iliposimama kwa chakula cha jioni. Hapo tena fundi ndiye alimtafsiria profesa maneno ya kuli, na akapunguza kidogo. Sikumwambia afanye hivyo.

Kipande, ile hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni, nacho kitumie. Mwafrika mwanamume alilazimika kutembea nacho, kimetiwa kwenye kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Mchezaji wa kuli nilimpa kisanduku cha kiberiti chenye uzi, nikamwambia asikivue mpaka kikao kiishe, na yeyote akikitaka akitoe. Nusu saa ya kwanza alifanya mzaha. Baadaye alikuwa akikigusa kila polisi wangu alipoingia.

Mlima nimeubakiza, ila badala ya vikao vinne nikaupa kimoja. Tarehe ambayo kampeni imepanga ibada ya mlimani usiiguse. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 14 Januari 1926 kulitokea kweli na kivuli chake kilipita Kenya, kwa hiyo bandika kalenda ukutani na ukate siku kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yao.

Kilele changu hakikuwa mlimani. Kabla ya kikao nilimwomba yule wa Kapsabet, na ruhusa yake nikaipata kwanza, aniandikie sentensi moja ya Kinandi ambayo mmoja wa wale watano angeitamka kizimbani. Mkalimani aliposimama mbele yao, nikaisoma kwa matamshi yangu mabovu. Yeye peke yake aliielewa. Nikamsogezea kikaratasi: ukiwatafsiria kweli, poteza pointi za akili kwa dadu moja ya pande sita, ukidanganya, hupotezi kitu.

Alikisoma. Akaniangalia, akawaangalia wenzake wanaosubiri. Mhusika wake alikuwa na pointi nne tu.

"Anasema ndiyo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Tulimaliza saa sita usiku, na sentensi yenyewe hajawahi kuwaambia.

Ukitengeneza daftari lako tumia chai ya rangi, si ya maziwa. La kwanza nililiharibu hivyo, baada ya siku mbili likanuka mkoba mzima. Na andika kwa kalamu ya risasi kabla ya kuloweka, wino wa kalamu yangu ulitiririka wote.